Je, Kupenda Mwendo Kasi ni Dhambi?



Wapendwa vijana wenzangu, swali la leo limetoka kwenye kikao chetu cha vijana hapa Lusu, wilaya ya Nzega. Limeletwa na binti mmoja wa kwaya ambaye kwa kawaida haongei sana. Aliuliza hivi: je, kupenda mwendo kasi ni dhambi? Na kama ni dhambi, yule ndugu yetu tuliyemzika mwezi uliopita, tunaruhusiwa kumwandikia msalabani kwamba mwendo ameumaliza?

Watu wakanyamaza. Kila mtu alijua anamsema nani. Jina lake sitaliandika, maana mama yake bado analia. Inatosha kusema kwamba alikuwa dereva wa bodaboda, muumini wa jumuiya yetu, na kwamba alifariki kwenye lami jioni moja, bila abiria, wakishindana yeye na mwenzake nani atatangulia kufika mjini. Mwenzake alipona na mguu uliovunjika. Yeye hakupona.

Pale msibani yalisikika maneno ya aina mbili. Waliokaa mbele walisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Waliokaa nyuma, kule kwenye masufuria, walisema kwa sauti ya chini, "Kajitakia." Mimi naona maneno yote mawili yanatukwepesha swali la yule binti. La kwanza linamtwisha Mungu kitu kilichofanywa na vijana wawili wenye mkono kwenye mafuta. La pili linafunga mlango haraka sana, kama vile mtu mzima wa miaka ishirini na tatu anaweza kumalizwa kwa neno moja. Basi tulifikirie swali lenyewe, taratibu.

Neno "mwendo"

Hebu tuanze na lugha yetu. Kiswahili kinatumia neno mwendo kwa mambo matatu. Mwendo ni kasi: gari lina mwendo. Mwendo ni umbali au safari: kutoka hapa hadi kwa bibi ni mwendo wa saa mbili. Halafu mwendo ni tabia ya mtu, namna anavyoishi: fulani ana mwendo mzuri, au mwenendo mzuri. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mwendo mkali barabarani na watu wakasema hana mwendo. Hakuna anayeshangaa, tunaelewa.

Na wahenga hawakuwa upande mmoja. Waliosema haraka haraka haina baraka ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba upole wa mwendo ni utakatifu na kasi ni ushetani. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, dereva wa bodaboda anayekwenda polepole kwa kujionesha mcha Mungu atakuwa amekosea.

Maandiko nayo yana watu wenye haraka. Mwinjili Luka anatuambia kwamba Bikira Maria, alipopata habari ya Elizabeti, aliondoka akaenda nchi ya milimani kwa haraka. Wachungaji wa Betlehemu nao walikwenda kwa haraka. Siku ya Vijana Duniani iliyofanyika Lisbon, Ureno, Agosti 2023, ilichukua haraka hiyo ya Maria kuwa mada yake. Yaani Kanisa liliwaita vijana wa dunia nzima na kuwapa mfano wa binti anayekwenda mbio.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu ni hii: kasi yenyewe si dhambi. Lakini hapo bado hatujafika, maana ndugu yetu hakuwa anakwenda kwa Elizabeti.

Mbio za Pasaka

Kijana mmoja kwenye kikao alisema, "Mbona madereva wa rally wanakimbia kuliko sisi na watu wanawapigia makofi? Wale hawatendi dhambi?" Ni hoja ya haki. Tuiangalie kwa mfano wa karibu kwetu, Safari Rally.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na baadaye yakabaki Kenya. Kwa miaka mingi yalifanyika sikukuu ya Pasaka, wakati wa mvua, na ndiyo maana wazee wa Afrika Mashariki wanayakumbuka pamoja na matope na kengele za Pasaka.

Wengi wetu tunadhani rally ni kama mbio za mita mia: nani kapita mstari kwanza. Sivyo. Magari yanaondoka moja moja, kila moja na dakika yake. Njiani kuna vituo, na kila kituo kina muda uliopangwa wa kufika. Ukichelewa, unaandikiwa adhabu. Kwenye Safari ya zamani, mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Njia ilikuwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye vumbi, mito iliyofurika na udongo mweusi unaonasa gurudumu kama gundi.

Tazama matokeo yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93 na yakafika saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, kwa Peugeot 404. Nani anaweza kusema wale wote waliokwama walikosa kasi? Wengi walikuwa nayo. Walichokosa ni kufika.

Kuna Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari, ambaye Wakenya walimwita Simba. Alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo iliyokwishatumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mimi ushindi wake haunishangazi kama hesabu nyingine: kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Katika mashindano yanayomeza magari hivyo, huyo ni mtu aliyejua lini aongeze na lini apunguze.

Kuna pia Shekhar Mehta. Alikuwa wa familia ya Kihindi ya Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, alilazimika kuondoka. Mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa. Waamuzi wakaamua kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuandikiwa adhabu yoyote, wakampa Mehta. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Mnaona hapo? Hata mchezo wa kasi, ukiuangalia kwa ndani, unapimwa kwa kiasi. Mtume Paulo aliliona hilo kwa wanariadha wa zamani. Alipowaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji uwanjani, hakusifia miguu yao. Alisifia jinsi wanavyojizuia katika yote. Kujizuia ndiko kunakomfanya mtu awe mshindani, vinginevyo ni mtu aliyeshika usukani tu.

Barabara ni ya nani?

Lakini tusiipambe sana Safari. Kulikuwa na jambo zito pale. Kwa miaka mingi barabara hazikufungwa. Magari ya mashindano yalipita kwenye barabara zilezile zenye mabasi, ng'ombe, wanawake wenye kuni vichwani na watoto wanaotoka shule. Timu zenye fedha zilifikia kutumia helikopta kutangulia mbele na kumwonya dereva kama kuna kitu njiani. Dereva alikuwa amekubali hatari. Mtoto aliyevuka barabara hakuulizwa. Mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, yalikuwa kwenye vipande vya njia vinavyofungwa kwa magari mengine. Nadhani hayo ni maendeleo ya dhamiri, siyo ya teknolojia peke yake.

Kanisa nalo limewahi kusema. Mwaka 1988 gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliyakosoa vikali mashindano ya Paris–Dakar kwa kwenda kuonesha utajiri na nguvu za injini mahali ambapo watu wanakosa chakula na maji. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililohusika na wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo mzima wa uchungaji wa barabarani, ukiwa na amri kumi kwa madereva, na ya kwanza ni ile ile ya kutoua.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inakwenda moja kwa moja kwenye swali letu. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda kasi anabeba hatia nzito. Angalieni mambo mawili. Kwanza, kosa linalotajwa ni kuhatarisha. Kupenda kasi ni mlango wake. Pili, kasi imewekwa benchi moja na ulevi. Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu vyote viwili vinafanya kazi ileile: vinampokonya mtu utawala wa nafsi yake huku vikimwambia kwamba sasa ndiyo yuko huru. Muulize yeyote aliyepita spidi mia kwenye pikipiki. Atakwambia kuna raha inayopanda kifuani. Raha hiyo si ya kubuni, na ndiyo maana ni hatari.

Hapa Nzega tulikuwa na mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, uliokuwa wa kampuni ya Australia, na baadhi ya baba zetu walifanya kazi na Waaustralia. Baba mdogo alitoka huko na simulizi za Bathurst. Bathurst ni mji wa Australia wenye mbio maarufu za magari ya kawaida yaliyoimarishwa, kilomita 1,000 za kupanda na kushuka mlima, na madereva wawili wanapokezana gari moja. Aliyeshinda pale mara nyingi kuliko wote ni Peter Brock, mara tisa. Gari lake lilijulikana kwa namba 05. Namba hiyo haikuwa ya bahati. Ilitokana na kampeni ya usalama barabarani nchini kwao, ya kuwakumbusha watu wasiendeshe wakiwa wamevuka kiwango cha pombe kinachoruhusiwa damuni, 0.05. Yaani mtu mwenye kasi kuliko wote alibeba mlangoni mwa gari lake onyo kwa wanaokwenda nyumbani Jumamosi usiku. Alijua tofauti ya uwanja na barabara. Na hata yeye alifariki mwaka 2006 kwenye rally, Australia Magharibi. Ustadi ni ngao, lakini ngao ina ukubwa wake.

Kwa hiyo nikimjibu yule kijana aliyeuliza kuhusu rally, nitamwambia ajiulize mambo matatu kabla hajavuta mafuta. Waliopo njiani wamekubali hatari hii, au ninawalazimisha? Mwendo huu unamtumikia nani: mgonjwa, abiria, kazi halali, mchezo wenye kanuni, au sifa zangu? Na je, naweza kupunguza sasa hivi nikitaka, au tayari mwendo ndio unaoniendesha? Ukikosa jibu safi kwa hayo, kumtaja dereva wa rally hakutakusaidia.

Kirangozi na mshale mmoja

Sisi watu wa Tabora tusingehitaji kwenda mbali kujifunza hili. Ardhi hii ilikuwa ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka huku na kwenda pwani, Bagamoyo, na kurudi, wakibeba pembe na nguo mabegani. Wengi waliondoka kiangazi na kurudi kulima mvua zikikaribia, kwa hiyo safari ilikuwa na msimu wake. Kijana aliyekuwa hajaiona pwani hakuhesabiwa mwanaume kamili. Mnaona, tamaa ya kujipima haikuanza na pikipiki. Vijana wa Unyamwezi walikuwa nayo kabla Burton hajafika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857.

Lakini msafara ulikuwa na kirangozi, yule anayetangulia. Na kulikuwa na sheria: hakuna kumpita kirangozi. Burton aliiandika. Mpagazi akimpita, walimchomoa mshale mmoja kwenye podo lake, na jioni kambini mshale ule ukawa ushahidi, mwenyewe akatozwa faini.

Nilimuuliza mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye babu yake alikuwa mpagazi. Nilimwambia, "Shikamoo babu. Hivi ile sheria ya kutompita kirangozi ilikuwa kwa heshima tu?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Heshima ilikuwepo. Lakini wewe ukikimbia mbele na mzigo wako, nyuma yako wanafanya nini?"

"Wanakufuata."

"Ehee. Na yule mwenye homa? Naye atakufuata. Jioni mtamkuta wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Akaongeza, "Msafara haukuhesabiwa kwa aliyetangulia. Tajiri alihesabu mizigo iliyofika."

Nimeyatafakari sana maneno hayo. Mwenye nguvu akiongeza mwendo, mnyonge ndiye anayelipa. Ndugu yetu na mwenzake, jioni ile, kila mmoja alikuwa anamvuta mwingine. Hakuna hata mmoja ambaye angekimbia vile peke yake. Tunaposema fulani alikufa kwa kasi yake, tunasahau kwamba mashindano yanahitaji watu wawili, na wengine wa kushangilia kijiweni.

"Wewe unaongea tu"

Najua ndugu zangu wa bodaboda watasema nini, maana wameshaniambia. "Wewe unaongea tu, bro. Sisi tuna hesabu ya tajiri kila jioni. Usipopeleka, pikipiki inachukuliwa. Polepole yako nani atailipa?"

Hoja hii siipuuzi. Kijana anapewa chombo cha mtu, anapangiwa hesabu isiyojali mvua, wala ugonjwa, wala siku isiyo na abiria. Mwendo wake unapangwa na mtu aliyekaa nyumbani. Basi katekisimu ile namba 2290 inamhusu hata asiyeshika usukani. Mwenye pikipiki anayepanga hesabu isiyofikika kwa mwendo wa kawaida anahatarisha maisha akiwa amekaa sebuleni. Abiria anayempigapiga dereva begani, "twende chapchap, nachelewa," naye ana sehemu yake. Wazazi wanaomnunulia mtoto pikipiki bila kumpeleka kujifunza na kupata leseni, nao pia.

Lakini hoja hiyo ina mpaka wake, na ndugu zangu mnaujua. Jioni ile hapakuwa na abiria. Hapakuwa na hesabu. Umaskini unaeleza haraka ya saa nne asubuhi. Hauelezi mashindano ya saa kumi na mbili jioni. Pale palikuwa na kitu kingine, na tukiwa wakweli sote tunakijua: ile njaa ya kuonekana. Kijana ambaye siku nzima anaitwa "wee boda" na kuzungushwa kwa shilingi mia tano, jioni anataka angalau dakika mbili za kuwa mtu anayetazamwa. Njaa hiyo siyo dhambi. Ni ya binadamu. Kosa letu sisi parokiani ni kwamba hatujampa pa kuonekana pengine. Timu ya mpira tunaipigia makofi, kwaya tunaipigia makofi. Lini tumempigia makofi dereva aliyemfikisha mjamzito hospitali salama?

Msimu mzima, au mbio ya mwisho?

Sasa lile swali la pili, la msalaba.

Ubingwa wa Australia wa magari ya aina ile ya Bathurst ulianza mwaka 1960, na kwa miaka ya mwanzo uliamuliwa kwa mbio moja tu. Siku moja, bingwa kapatikana. Ukiharibikiwa siku hiyo, basi. Kuanzia mwaka 1969 wakabadilisha, ukawa wa mbio kadhaa zinazojumlishwa kwa pointi katika msimu. Naona sababu yake: siku moja inaweza kumdanganya mtazamaji. Msimu ni vigumu kuudanganya.

Pale msibani tulimhukumu ndugu yetu kwa mbio moja. Dakika mbili za lami. Je, msimu wake ulikuwaje? Mimi naufahamu kidogo. Alimlipia ada mdogo wake wa kike. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi aliwaleta kanisani bibi wawili wasioweza kutembea, akawarudisha, na hakuwahi kuchukua hata senti. Usiku mmoja wa masika alimbeba mgonjwa wa malaria kutoka kijiji cha jirani kwenye matope ambayo gari lingekataa, na siku hiyo alikwenda kwa haraka kweli, haraka ya Maria. Hayo yote nayo ni mwendo wake.

Hata hivyo, nisiuze habari za pointi kupita kiasi. Mungu si mwamuzi wa rally mwenye karatasi ya adhabu. Angekuwa hivyo, yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana angekuwa wa mwisho kabisa, na kumbe aliahidiwa paradiso siku ileile. Wale vibarua walioingia shambani saa ya mwisho nao wasingepata dinari kamili. Kwa hiyo hatuwezi kusema, "Msimu wake ulikuwa mzuri, basi ameshinda." Wala hatuwezi kusema, "Mbio ya mwisho ilikuwa mbaya, basi ameshindwa." Hesabu zote mbili hazipo mikononi mwetu.

Katekisimu, namba 1861, inatupa kanuni nzuri sana ya msibani. Tunaweza kusema kwamba tendo fulani ni kosa zito. Hukumu juu ya mtu mwenyewe tunaiacha kwa haki na huruma ya Mungu. Hiyo ndiyo njia kati ya "kazi ya Mungu haina makosa" na "kajitakia". Tendo la jioni ile lilikuwa kosa zito, na tuliseme wazi. Mtu mwenyewe ni wa Mungu, na tumwombee.

Basi, dada yangu wa kwaya, jibu langu ni hili. Ndiyo, tunaruhusiwa kuandika kwamba mwendo ameumaliza. Tukiandika, hatumpi kombe. Tunakiri tu kwamba safari yake ya hapa duniani imefika mwisho, na tunaikabidhi yote kwa Yule anayejua kila kilomita yake. Lakini kuna sharti. Msalaba ule usitumike kuficha namna alivyokufa. Wadogo zake wakiuliza, tusiwaambie "ajali tu, mipango ya Mungu." Tuwaambie ukweli, kwa upole: kaka yako alikuwa mtu mwema, na jioni ile alifanya jambo la hatari lililomuua. Msalabani tuandike rehema, na kijiweni tuseme ukweli. Tukiacha kimoja, cha pili kitaoza.

Kijana aliyefika kwanza

Nimalizie na mbio nyingine za Pasaka. Mwinjili Yohane anasimulia kwamba asubuhi ile Maria Magdalena alipoleta habari ya kaburi wazi, Petro na yule mwanafunzi mwingine walitoka wakikimbia pamoja. Yule mwingine, ambaye mapokeo ya Kanisa yanamwona kuwa ndiye Yohane, kijana, alikimbia kuliko Petro, akafika kwanza. Injili haioni haya kusema hivyo. Kijana ana miguu, acha akimbie.

Lakini angalieni alichofanya alipofika. Aliinama akachungulia, na hakuingia. Akamngoja Petro. Mzee akafika akihema, akaingia kwanza, ndipo kijana naye akaingia, akaona, akaamini.

Mimi kila nikiisoma sehemu hiyo nawaona vijana wa Lusu. Mungu hakuwaumba muwe wazee. Kasi mliyo nayo ni yake. Anachoomba ni kwamba ukifika mlangoni uweze kusimama, na kwamba aliye nyuma yako afike naye.

Wiki hii, kila mmoja wetu afanye jambo moja. Dereva, tafuta mwenzako mmoja mkubaliane kwamba hamtashindana barabarani, mkumbushane. Abiria, ukipanda, sema "nifikishe salama", na uwe tayari kuchelewa. Mwenye pikipiki, kaa na kijana wako mwangalie hesabu upya. Na sote tumweke ndugu yetu kwenye nia za Misa ya Jumapili.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetembea kwa miguu njia za Galilaya na hukumwacha aliyechoka, utufundishe mwendo wako. Uwapokee wote waliofia barabarani, uwafariji mama zao. Kwa maombezi ya Mtakatifu Fransiska wa Roma, msimamizi wa madereva, utufikishe sote, wa mbele na wa nyuma. Amina.